Mishahara Inapooana: Ajira za Wanandoa na Pengo la Kipato kati ya Kaya

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, wanataaluma wenzangu, wanafunzi mliojaa huko nyuma, mabibi na mabwana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuliza watu maswali. Nilikuwa mdadisi wa takwimu za kaya, nikienda nyumba hadi nyumba na dodoso mkononi. Swali la kwanza lilikuwa mkuu wa kaya ni nani. La pili, anafanya kazi gani. La tatu, analipwa kiasi gani. Siku moja nilimaliza kumhoji baba mwenye nyumba, nikashukuru, nikaanza kukusanya karatasi zangu. Mkewe alikuwa pembeni na cherehani yake, kimya muda wote. Akaniuliza, "Na mimi huniulizi?"

Nikafungua tena dodoso nitafute pa kumwandika. Palikuwa na mstari mmoja tu, chini kabisa ya ukurasa: mapato mengine. Humo ndimo nilimoandika jasho la mama yule, pamoja na misaada ya ndugu na kodi ya chumba walichopangisha. Tulipopiga hesabu pamoja, kile alichokuwa akiingiza kwa mwezi kilikaribia theluthi ya mshahara wa mumewe. Mume mwenyewe alishangaa.

Nimeombwa nizungumzie namna ajira za mke na mume zinavyogusa tofauti za kipato kati ya kaya na kaya. Karibu yote nitakayoyasema yanatoka kwenye mstari ule wa chini.

Nianze na dai ambalo mmelisikia, pengine hata mmelisema. Linasemwa hivi: zamani mume alifanya kazi, mke akabaki nyumbani, na tofauti kati ya nyumba na nyumba ilikuwa tofauti ya mshahara mmoja na mwingine. Siku hizi daktari anaoa daktari, mwanasheria anaoa mwanasheria, mishahara miwili minono inaingia mlango mmoja, na huko kwingine hakuna hata mmoja. Kwa hiyo, wanahitimisha, kuingia kwa wake kwenye ajira ndiko kulikopanua pengo. Dai hili lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana linaenea haraka. Lakini hitimisho lake si sahihi, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu linamtwisha mwanamke mwenye kazi lawama ambayo si yake na kumsahau yule ambaye mlango wa kazi haujamfungukia.

Tuchukue nyumba tatu. Sitataja fedha ya nchi yoyote. Tuseme sehemu tu. Mume wa nyumba ya kwanza anapata sehemu 20, wa pili 40, wa tatu 90. Wake wote hawana kipato. Jumla ni 150, na nyumba ya tatu inachukua 90, yaani asilimia 60 ya fedha zote.

Sasa wake wa nyumba ya kwanza na ya pili wanapata kazi, kila mmoja analeta 20. Mke wa nyumba ya tatu haoni haja. Nyumba zinakuwa na 40, 60 na 90. Jumla 190. Sehemu ya tajiri imeshuka hadi asilimia 47 hivi, na maskini, ambaye alishika asilimia 13, sasa anashika 21.

Tugeuze. Mke wa maskini hana wa kumwachia watoto, kazi hapati. Mke wa nyumba ya pili analeta 20. Mke wa nyumba ya tatu ana shahada na analeta 60. Tunapata 20, 60 na 150. Jumla 230, na nyumba ya tatu imekamata zaidi ya asilimia 65. Maskini amebaki na chini ya asilimia 10 ingawa hakupoteza hata senti.

Hatua ya tatu, wake wote watatu wanafanya kazi, na kila mmoja analeta 30. Nyumba zina 50, 70 na 120. Hapa kuna kina mama wengi zaidi kazini kuliko katika mfano wowote uliotangulia, na bado nyumba ya tatu ina nusu tu ya fedha zote, pungufu ya ile 60 tuliyoanza nayo. Nawaomba mkae na mfano huu kidogo. Katika mfano wa kwanza na wa pili, wake walioajiriwa ni wawili kwa wawili. Idadi ni ile ile, na matokeo yanapishana kama mbingu na ardhi. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza aliyebaki nje ya ajira ni mke wa tajiri, na mara ya pili ni mke wa maskini.

Wanahisabati waliomo humu watalieleza kwa lugha yao. Mtawanyiko wa kipato cha kaya unajengwa na vitu vitatu: mtawanyiko wa mapato ya waume, mtawanyiko wa mapato ya wake, na namna mapato hayo mawili yanavyofuatana. Watu wengi hukimbilia kile cha tatu, wakasahau cha pili. Pale ambapo wake wengi hawana kipato na wachache wanacho, mapato ya wake yana tofauti kubwa mno, kwa maana sifuri nayo ni namba. Kila sifuri inapoondoka na mshahara kuingia mahali pake, tofauti kati ya wake hupungua, na upungufu huo hushusha pengo la kaya hata kama mishahara ya mke na mume imeanza kufuatana. Maria Cancian na Deborah Reed, watafiti wa Marekani, walilifanyia kazi jambo hili katika miaka ya 1990. Walionyesha kwamba mabadiliko ya mapato ya wake tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 yalipunguza tofauti kati ya kaya za wanandoa. Yasingetokea, pengo lililopanuka Marekani wakati ule lingepanuka zaidi, kwa kuwa kisukuma chake kikuu kilikuwa mishahara ya wanaume wenyewe kuzidi kutofautiana.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1934 mchumi wa Marekani Paul Douglas, ambaye baadaye alikuwa seneta, aligundua katika takwimu za miji kwamba pale ambapo mume analipwa vizuri, mke hafanyi kazi ya mshahara, na pale ambapo mume analipwa kidogo, mke hutoka. Japani, mchumi Hiromi Arisawa aliona jambo hilo hilo, na wachumi wa huko wakaliita kanuni ya Douglas na Arisawa. Kwa miongo mingi kanuni hiyo ilikuwa kama sheria ya maumbile. Mke alikuwa akiba ya nyumba ya chini. Alipoingia kazini alisogeza maskini karibu na tajiri. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba zenye dhiki zililijua hilo kabla ya mchumi yeyote kuliandika.

Ni lazima tuseme kilichokuwa kinaishikilia kanuni hiyo, kwa sababu haikuwa hiari tupu. Kulikuwa na amri. Uingereza, mwanamke aliyeajiriwa serikalini alipaswa kuacha kazi siku anapoolewa, na marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1946 kwa watumishi wa serikali wa ndani ya nchi. Wanadiplomasia walingoja hadi miaka ya 1970. Ireland iliyaondoa mwaka 1973. Ufaransa, hadi sheria ya mwaka 1965, mume alikuwa na uwezo wa kumzuia mkewe kufanya kazi, na mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila ridhaa yake. Ujerumani Magharibi, sheria iliyodumu hadi mwaka 1977 ilimruhusu mke kufanya kazi kadiri tu isivyogongana na wajibu wake wa ndoa na nyumba. Marufuku haya yaliwaumiza zaidi wanawake waliosoma, walimu na makarani, kuliko mfuaji wa nguo au mfagiaji wa kiwanda, ambaye hakuna aliyejishughulisha kumzuia. Kwa hiyo mke wa mwenye nacho alikaa ndani kwa amri na mke wa asiye nacho alitoka kwa shida, na wachumi wakaona mstari mzuri kwenye grafu.

Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alifuatilia miaka 200 ya Marekani akaonyesha kwamba ushiriki wa wanawake walioolewa haukupanda moja kwa moja. Ulikuwa mkubwa enzi za kilimo, ukashuka viwanda vilipokuja na kutenganisha nyumba na mahali pa kazi, kisha ukapanda tena elimu na kazi za ofisini zilipofunguka. Waliorudi katika wimbi lile la mwisho kwa nguvu kubwa ni waliosoma, na waliosoma waliolewa na waliosoma. Hapo ndipo kanuni ya Douglas na Arisawa ilipoanza kulegea.

Lugha yetu ina jambo ambalo hunifikirisha kila nikifika hapa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Kisha wakiwa wawili tunasema wanaoana, na ghafla wanakuwa sawa. Uchumi wa ndoa umepita njia hiyo hiyo. Mchumi wa Marekani Gary Becker, alipoandika nadharia yake ya ndoa mwaka 1973, alitazamia kwamba mwenye mshahara mkubwa atafaidika kuoana na mwenye mshahara mdogo, ili mmoja abobee sokoni na mwingine nyumbani. Alitoa hoja nzito, na alipata Nobel mwaka 1992 kwa kazi pana ya namna hiyo. Lakini watu walioana kwa kufanana: elimu kwa elimu, taaluma kwa taaluma, na wanawake walipobaki kazini baada ya harusi, mishahara nayo ikaanza kuoana.

Je, kuoana huko kunachangia pengo kiasi gani? Hapa naomba uvumilivu wenu. Mwaka 2014 wachumi wanne, Greenwood, Guner, Kocharkov na Santos, walichapisha makala fupi iliyosema kwamba kama Wamarekani wa mwaka 2005 wangeoana kwa kubahatisha, bila kufanana, kipimo cha Gini kingeshuka kutoka 0.43 hadi 0.34. Kwa wasiokifahamu, hiki ni kipimo alichokitunga Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912. Sifuri maana yake wote wanapata sawa, moja maana yake mtu mmoja amechukua vyote. Kushuka kutoka 0.43 hadi 0.34 ni mapinduzi. Habari ikasambaa magazetini dunia nzima. Kisha waandishi wenyewe wakakuta kosa katika hesabu zao, wakalisahihisha hadharani, na athari ile ikabaki ndogo sana. Nawaheshimu kwa kusahihisha. Kinachonisikitisha ni kwamba namba ya kwanza bado inanukuliwa katika mikutano kama huu, na masahihisho hayanukuliwi.

Kazi iliyonishawishi zaidi ni ya Lasse Eika, Magne Mogstad na Basit Zafar, iliyotoka mwaka 2019, iliyotumia takwimu za Marekani, Norway, Denmark, Ujerumani na Uingereza. Walikuta mambo mawili. Kwanza, kufanana kwa wanandoa kielimu kunaongeza tofauti za kaya kwa kiasi kinachoonekana katika nchi zote hizo. Pili, mabadiliko ya tabia hiyo kwa miaka hayaelezi kwa nini pengo lilikua. Lililokua ni thamani ya shahada sokoni. Wakaongeza jambo ambalo wengi hawalitegemei: Marekani, kufanana kumepungua miongoni mwa wenye shahada na kumeongezeka miongoni mwa wenye elimu ndogo. Kumbe tulipokuwa tukimtazama daktari anayeoa daktari, wale walioacha shule mapema ndio waliokuwa wakizidi kubaki wao kwa wao, wawili wenye vibarua visivyo na uhakika wakigawana dhiki moja.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Hatuwezi, na wala hatupaswi, kumwambia mtu aoane na nani. Hakuna waziri wa fedha mwenye haki hiyo. Tunachoweza kugusa ni mahali pengine: kwa nini mke wa nyumba ya kwanza, yule wa sehemu 20, bado ana sifuri?

Sikilizeni hesabu yake. Amepata kazi ya kufanya usafi, mshahara mdogo. Akienda, lazima amlipe mtu wa kukaa na watoto. Lazima alipe nauli kwenda na kurudi. Akirudi jioni, kazi za nyumbani zinamsubiri kama alivyoziacha. Anapotoa gharama kwenye mshahara, kinachobaki hakifidii uchovu. Msomi wa nyumba ya tatu analipa gharama ile ile ya malezi, lakini kwake ni kipande kidogo cha mshahara. Bei moja ya malezi inamfungia mmoja nje na mwingine inampitisha, na baadaye tunakaa mezani kushangaa kwamba mishahara miwili imeangukia nyumba moja. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilijaribu kuivunja bei hiyo mwaka 1997 kwa kuweka malezi ya watoto kwa dola 5 kwa siku kwa kila mtoto. Ajira ya akina mama wenye watoto wadogo ilipanda waziwazi. Kulikuwa na mijadala mikali, na ingali ipo, kuhusu ubora wa malezi yenyewe, na siifichi. Lakini kwamba bei ndiyo iliyowazuia, hilo lilijulikana.

Kodi nayo ina mkono wake, na wengi wetu hatuutazami. Ujerumani, tangu mwaka 1958, hujumlisha mapato ya mke na mume, hugawa kwa mbili, hutoza kodi, kisha huzidisha tena kwa mbili. Nyumba yenye mshahara mkubwa mmoja na sifuri moja hupata nafuu kubwa. Mke anapofikiria kuanza kazi, nafuu ile inayeyuka, na senti yake ya kwanza inatozwa kana kwamba ni senti ya mwisho ya mumewe. Sweden ilitoka huko mwaka 1971, ikaanza kumtoza kila mtu kwa kipato chake mwenyewe, na wake wakaingia kazini kwa wingi. Japani kulikuwa kwa miongo kadhaa na kile walichokiita ukuta wa yeni milioni 1.03. Mke aliyevuka kiwango hicho alianza kutozwa kodi, na waajiri wengi walikitumia kiwango kile kile kukata posho ya mume. Basi ifikapo mwisho wa mwaka wanawake wa kazi za muda walipunguza saa ili wasivuke. Fikirieni mtu mwenye nguvu na ujuzi anahesabu saa zake apate kidogo, kwa sababu akipata zaidi nyumba itapoteza. Ukuta ule uliwashika wenye mishahara midogo. Mke mwenye taaluma alikuwa ameshauvuka zamani.

Watoto wanapozaliwa, mizani inainama upande mmoja. Mchumi Henrik Kleven na wenzake walifuatilia takwimu za Denmark, nchi ambayo likizo ya uzazi na malezi ya watoto vimepangwa vizuri kuliko karibu popote, na bado wakakuta kwamba mapato ya wanawake hushuka kwa takriban asilimia 20 kwa muda mrefu baada ya mtoto wa kwanza, wakati ya wanaume hayatikisiki. Kama ni hivyo Denmark, mahali ambapo hakuna kituo cha malezi wala likizo pakoje?

Kuna nyumba ambazo mfano wangu wa nyumba tatu haukuzitaja, nami sitaki kuzisahau. Ni zile ambazo mtu mzima ni mmoja tu. Uingereza, wachumi Paul Gregg na Jonathan Wadsworth walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba idadi ya watu wenye ajira ilikuwa imerudi karibu na ilipokuwa, lakini kaya zisizo na hata mfanyakazi mmoja zilikuwa zimeongezeka sana. Kazi zilikuwepo, zilirundikana. Nyumba moja mbili, nyumba nyingine hakuna. Na pale ambapo mishahara miwili imekuwa kawaida, kodi ya nyumba hupangwa kwa kutazama mishahara miwili. Mjane, mtalaka, mzazi anayelea peke yake, wote wanashindana sokoni na watu wawili. Huyo hafaidiki na lolote nililolisema juu ya mtu wa pili kuingiza kipato, maana kwake hakuna wa pili. Kipimo kinachohesabu wanandoa pekee hakimwoni kabisa, na ripoti nyingi za mada hii zinahesabu wanandoa pekee.

Faida nyingine ya mishahara miwili haionekani kwenye kipimo cha mwaka mmoja. Ni kinga. Mmoja akipoteza kazi, mwingine anaishikilia nyumba, au anaongeza saa, au anayekaa nyumbani anatoka kutafuta. Mchumi Woytinsky aliliandika hili mwaka 1940, akitazama familia zilizopita katika mdororo mkubwa wa uchumi. Lakini kinga hiyo ina tundu: wanandoa wanaofanya kazi kiwanda kimoja huanguka siku moja. Na maskini, kwa kuwa alikutana na mwenzake huko huko kwenye kibarua, mara nyingi ndiye mwenye tundu hilo.

Mpaka hapa nimesema nyumba kana kwamba ni mfuko mmoja. Naomba niufungue. Takwimu zetu huchukua mapato ya wote, hujumlisha, hugawa kwa kutazama ukubwa wa kaya, kisha hudhani kila aliyemo anaishi kwa kiwango kimoja. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, nafuu ya watoto iliyokuwa ikipitia zaidi kwenye mshahara wa baba ilihamishwa ikalipwa mkononi mwa mama. Fedha za nyumba zilikuwa kama zile zile, zilibadilisha mkono. Wachumi Lundberg, Pollak na Wales walionyesha mwaka 1997 kwamba baada ya hapo matumizi ya nguo za wanawake na za watoto yaliongezeka yakilinganishwa na za wanaume. Kama mfuko ungekuwa mmoja kweli, mkono unaopokea usingekuwa na maana. Mchumi Amartya Sen naye amesisitiza kwamba mwanamke mwenye kipato kinachoonekana, anachokipata nje na kwa jina lake, husikilizwa zaidi ndani. Kwa hiyo hata pale ambapo mshahara wa mke haukupunguza pengo kati ya nyumba na nyumba, unaweza kuwa umepunguza pengo lililoko mezani, kati ya watu wawili. Pengo hilo halimo katika ripoti yoyote ya Gini niliyowahi kuisoma.

Na muda je? Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Mke wa nyumba ya kwanza akipata kazi, kipimo kinasema nyumba imepanda kutoka 20 hadi 40. Hakisemi kwamba sasa anapata usingizi wa saa tano tu. Nikiwa mtu wa takwimu naona aibu kwamba tuna neno rahisi kabisa kwenye madodoso yetu, hafanyi kazi, na tumeliandika mbele ya majina ya watu waliokuwa wameamka kabla ya kila mtu mwingine nyumbani.

Mwenyekiti, nimeona kwenye ratiba kwamba mchana kamati itajadili dodoso la utafiti ujao. Naomba lifanyiwe mabadiliko machache. Futeni swali la mkuu wa kaya, au liulizeni mwishoni. Kila mtu mzima aulizwe mwenyewe, kwa kinywa chake, anafanya nini, anapata kiasi gani, kwa saa ngapi, na fedha hizo nani huamua zitumikeje. Asiye na kazi ya kipato aulizwe nini kinamzuia, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema. Watu wazima wa kaya wakiwa wawili kuwe na kurasa mbili zinazolingana. Akiwa mmoja, ukurasa mmoja usiokuwa na nafasi tupu ya kumkumbusha asiyekuwepo. Najua urefu wa dodoso ni gharama, na mdadisi anachoka. Nimeyabeba miaka mingi. Robo saa zaidi kwa kila nyumba, kwa makadirio yangu.

Mama yule wa cherehani, baada ya mimi kuandika namba yake kwenye mstari wa chini, aliniomba nimwonyeshe ukurasa. Aliutazama, akaweka kidole juu ya jina la mumewe lililoandikwa kwa herufi kubwa, akakiteremsha taratibu hadi chini, akauliza jina lake liko wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Nashukuru sana kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.